Nguo za Kaka Yangu Ukutani

Mliponiacha wiki iliyopita nilikuwa nimepiga magoti chumbani kwa mama, kichwa chini ya kitanda, makalio juu, naomba ardhi ipasuke inimeze.

Ardhi haikupasuka. Huwa haipasuki ukiihitaji.

Kwa aliyechelewa kufika, nitasema kwa ufupi nisimchoshe aliyewahi. Mimi natengeneza picha kwa nguo kuukuu. Nazikata, nazichovya kwenye gundi, nazibandika juu ya mbao mpaka ziwe watu. Nimesota sana, nimechekwa sana, na sasa jumba moja la sanaa limekubali kunipa kuta zake zote kwa maonyesho yangu ya kwanza ya peke yangu.

Mama yangu ni mshonaji. Chini ya kitanda chake kuna masanduku mawili yanayofanana. Moja lina vipande na nguo ambazo wateja walileta zirekebishwe wakazitelekeza. Hilo nina ruhusa ya kuchota nitakavyo. La pili lina nguo za kaka yangu mkubwa, ambaye asubuhi moja alitoka nyumbani akisema "narudi sasa hivi", na mpaka leo hatujamwona, wala kaburi lake hatujalijua.

"Chukua la ukutani," mama aliniambia. Kumbe siku hiyo alikuwa amefagia uvunguni, na masanduku yakabadilishana nafasi. Nikachukua la ukutani. Nikakata.

Najua mtaniuliza, dada gani asiyezijua nguo za kaka yake? Miaka yake ya mwisho nyumbani mimi nilikuwa mbali, chuoni, narudi likizo na kuondoka. Nguo alizovaa wakati huo sikuzijua, na suruali za shule zinafanana mji mzima. Nilipoona mashati ya kiume nikadhani ni ya wateja, kama siku zote.

Na nilitengeneza nini? Mwanamume anayekwenda zake, ametupa mgongo, mrefu kama mlango. Nikaipa jina "Narudi Sasa Hivi". Nilitaka kumsimulia kaka kwa nguo za watu nisiowajua. Kumbe nimemkata yeye mwenyewe vipande vipande. Jamani, kuna mikosi, halafu kuna yangu.

"We mtoto, umelala huko?" mama akaita kutoka uani. Alikuwa amenituma nguo za kaka, na uvunguni lilikuwa limebaki sanduku la wateja tu.

Nikatoka. Alikuwa ameshafunga kamba, vibanio viwili mdomoni. Kila mwaka mvua zikiisha huzitoa nguo za mwanawe, akazianika kutwa nzima, na jioni akazikunja akazirudisha.

"Sanduku liko wapi?"

"Nimelipeleka kwangu, mama."

"Kwako? Kufanya nini?"

"Nilitaka nizifue kidogo, nizipige pasi, zikae vizuri."

Vibanio vikamdondoka. "Umezifua?"

"Bado."

"Mungu wangu! Usiziguse na sabuni, umenisikia? Nguo za kaka yako hazifuliwi. Ukizifua utaondoa harufu yake, na mimi nitabaki na nini?"

"Nimesikia, mama."

"Jumamosi unirudishie. Zote. Nazijua moja moja."

Akaifungua ile kamba tupu, akaanza kuikunja taratibu. Mimi nikaondoka bila hata kuaga vizuri. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa inaishia Jumamosi.

Nyumbani nilimkuta mume wangu amerudi kula. Ni makanika, na mji mzima unamwita Spana, mimi nikiwemo. Ni mtu wa mzaha. Hata gari likigoma kuwaka analitania kwanza ndipo alitukane. Yeye na kaka yangu walikuwa chanda na pete tangu utotoni. Kaka alipopotea ni Spana aliyetembea nami kila kituo cha polisi na kila hospitali, akinishika mkono kwenye milango ambayo sikuwa na nguvu ya kuifungua. Ndiko tulikopendania, kama kuna anayetaka kujua.

Nikamweleza yote. Akacheka mpaka akapaliwa.

"Yaani umemkata shemeji yangu ukamtia gundi? Mama mkwe akijua, mimi nahamia chini ya gari, chakula mnaniletea huko huko."

"Spana, silii kwa mchezo."

"Nimekoma. Pole, mke wangu. Hebu nione basi hiyo picha yenyewe, maana unaificha utadhani mimba."

Kweli hakuwa ameiona. Nilikuwa nafanyia kazi kwenye chumba cha nyuma cha jumba la sanaa, na mimi kazi isiyokwisha simwonyeshi mtu. Nikamkunjulia bango nililopewa siku hiyo. Juu limeandikwa maneno ya maonyesho yajayo na jina la kazi zangu mpya, "Nguo za Watu". Chini amejaa yule mwanamume wangu, mgongo mzima.

Spana alilishika kwa ncha za vidole, kwa sababu ya grisi. Alitabasamu. Halafu tabasamu likaondoka.

Mimi nikadhani amemwona rafiki yake.

"Itoe hii picha," akasema.

"Nini?"

"Waambie hutaki. Waambie imeungua, imeliwa na panya, chochote. Weka nyingine."

"Kwa ajili ya mama?"

Akanitazama kama vile nimemwamsha. "Ndiyo. Kwa ajili ya mama."

Nikamkumbatia na ovaroli lake chafu, nikalia nikatosheka. Nilijiona mwanamke mwenye bahati. Wanawake wangapi wana mume anayemhurumia mama mkwe kiasi hicho?

Asubuhi nikaenda kwenye jumba la sanaa. Kuta zilikuwa zimepakwa rangi nyeupe upya, harufu inachoma pua. Kazi zangu nyingine zilikuwa bado zimeegemezwa chini, zimefungwa nailoni, lakini ile kubwa ilikuwa imeshatundikwa, ukuta wa mbele, pale ambapo mtu akiingia lazima akutane nayo. Mtundikaji wao alikuwa juu ya ngazi na pimamaji yake, amefumba jicho moja na kukaza la pili.

Mwenye jumba ni mama mmoja mnene, mwenye moyo mzuri na ulimi usio na breki. Miwani yake inaning'inia shingoni kwa mnyororo, na haivai mpaka ajiandae kukusema. Kwa hiyo tunamwita Bi Miwani.

"Bi Miwani, naomba tuitoe ile kubwa."

Akavaa miwani. "Unaumwa?"

"Siumwi. Naomba tu."

"Sikiliza, mwanangu. Mabango yamebandikwa mji mzima. Kadi za mwaliko zimeshafika kwa watu. Kwenye tangazo letu la maonyesho yajayo wewe ndiye wa kwanza, mpaka yule mchongaji wa mwezi ujao amenuna, hapokei simu zangu. Nimeshamwaga maji, wewe unaniambia niyazoe?"

"Ni jambo la kifamilia."

"Kila picha nzuri ni jambo la kifamilia. Hizo nyingine watu hupita tu wakielekea kwenye vitafunwa."

Basi nikamweleza. Sanduku, kamba, kaka, mama, yote. Akavua miwani. Akanishika bega. Nikasema alhamdulillahi, mtu ni utu.

"Pole sana," akasema. "Pole kweli. Lakini unajua nini? Hiyo habari tukiiandika kwenye kile kikaratasi cha maelezo pembeni ya picha, watu watalia."

Nusura nimzabe kofi.

"Usithubutu!"

"Basi, basi, siandiki. Mimi nami, mdomo huu! Lakini picha haitoki, mwanangu. Nikiitoa hiyo, maonyesho yamekufa, na hakuna ukuta mwingine utakaokukubali katika mji huu. Nakwambia kama mama yako."

Kama mama yangu. Neno hilo ndilo lililonimaliza.

Nilisubiri. Bi Miwani akaenda kupigiana kelele na wachapaji, mtundikaji akashuka kwenda kunywa chai. Nikachomoa wembe ninaokatia, nikapanda ngazi. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: nizibandue zile nguo, nizishone tena, nimrudishie mama hata zikiwa na makovu.

Nilianza na mfuko mmoja wa shati. Sasa ile gundi ni mchanganyiko wangu mwenyewe, naringa nayo, hata maji haiyaogopi. Mfuko haukubanduka. Nilipoulazimisha ulichanika, na uzi wa mama ukatoka mrefu ukaning'inia. Nikahisi nimemkwaruza mtu.

"Dada, unafanya nini huko juu?"

Mtundikaji alikuwa amerudi, kikombe mkononi.

"Narekebisha."

"Kwa wembe?"

Nikashuka. Akanitazama, akaitazama picha, akatikisa kichwa.

"Leo kila mtu anaitaka hii. Kabla hujafika alikuja bwana mmoja wa ovaroli, kaja na gari la kubebea mizigo. Eti umemtuma aichukue. Nikamwambia, alete ruhusa ya Bi Miwani. Akataka kunisukuma. Nikamwonyesha nyundo, akaondoka."

Nilielewa mara moja ni nani, na hapo hapo, kwenye balaa langu, nikacheka. Spana wangu! Ameacha kazi zake alfajiri kwenda kuniibia picha yangu mwenyewe ili mama asiumie. Nikasema moyoni, huyu nitazikwa naye. Ndivyo nilivyokuwa mjinga, na nawaeleza kama nilivyokuwa, sijipambi.

Ikabaki njia moja tu, na mtanicheka. Nilikwenda mitumbani.

Nilichagua mashati na suruali za saizi ya kaka, zilizochakaa kiasi, rangi zinazokaribiana na zile nilizokata. Nyumbani nikazikung'utia vumbi, nikaziweka karibu na moshi, nikazitia vidonge vya kufukuzia mende kama mama anavyotia. Nikazikunja kwa mkunjo wake. Spana alinisaidia bila kutania hata mara moja, na hilo nalo sikulitilia maanani.

Jumamosi nikambebea mama sanduku.

Alilipokea kwa mikono miwili, akaliweka juu ya cherehani, akafungua. Hakuziangalia. Alifumba macho, akachukua shati la juu, akaliweka puani.

Akaliweka chini. Akachukua la pili.

La tatu hakulinusa. Alifumbua macho akanitazama.

"Hizi nguo za nani?"

"Si za kaka, mama?"

"Nakuuliza nguo hizi ni za nani, maana mwanangu hamo humu."

Wasomaji wangu, kuna uongo mtu anaweza kuushikilia mbele ya polisi, mbele ya hakimu, hata mbele ya mume. Mbele ya mama aliyeshika shati la mtu asiyemjua, hapana. Nilipiga magoti nikasema yote, toka siku aliyofagia uvungu mpaka siku ya wembe.

Nilingoja kelele. Nilitamani kelele. Mama alivuta kile kigoda chake cha kushonea akakaa, akaweka mikono mapajani.

"Zote?"

"Zote, mama."

"Hata lile la mjomba?"

"Sijui ni lipi, mama. Zote."

Alitikisa kichwa kwa muda. Halafu akainuka, akachomoa sindano alizozichomeka kifuani, akachukua mtandio.

"Nipeleke."

"Wapi?"

"Aliko."

Nikampigia simu Spana aje na gari. Akasema ana kazi nyingi. Nikamwambia mama ameshajua, anataka kuiona picha sasa hivi.

"Mcheleweshe," akasema. "Mwambie pamefungwa."

"Spana, ameshavaa viatu."

Alikuja na gari la mteja, jasho linamtiririka na wala hakukuwa na joto. Njiani alijitahidi.

"Mama, kule kuna rangi mbichi, itakusumbua kifua. Tungesubiri siku ya ufunguzi."

"Endesha, baba," mama akamwambia.

"Na leo wanatundika, huenda mtu akaangukiwa na kitu."

"Baba, endesha."

Tulipofika akasema hakuna pa kuegesha, atatusubiri garini. Palikuwa na nafasi ya malori matatu. Sikuwa na akili ya kubishana. Nilikuwa nimemshika mama mkono, na mkono wake ulikuwa baridi.

Bi Miwani alikuja mbio na tabasamu lake la kupokelea wageni. Alipouona uso wa mama tabasamu likamfia. Akamwashiria mtundikaji ashuke kwenye ngazi, wote wakajibanza pembeni.

Mama alisimama mbele ya picha. Alikuwa mdogo sana pale chini. Pembeni kuna maandishi yanayosema usiguse. Mama akagusa.

Alianza chini, miguuni.

"Hii suruali ya shule. Nilimteremshia pindo mara ngapi huyu, anarefuka kila nikigeuka."

Akapanda. "Hili lina alama ya pasi. Alijipigia mwenyewe, akaliunguza, akalificha. Alidhani sijui."

Akapanda tena. "Hili la harusi ya mjomba wenu. Alicheza mpaka likapasuka kwapa."

Kila kipande alikitaja, na mimi kila kipande nilikufa. Nikaanguka miguuni pake pale pale, mbele za watu.

"Nisamehe, mama. Nimekuulia mtoto mara ya pili."

"Nyamaza kwanza," akasema. "Umemtengeneza anatembea."

"Ndiyo."

"Bega moja umelishusha."

"Ndivyo alivyokuwa, mama. Bega la kulia."

"Ndivyo alivyokuwa." Akanishika bega. "Inuka, mama. Inuka usichafue nguo. Mimi nimezifungia uvunguni mwaka hadi mwaka, mende wanakula, mimi nanusa. Ningekufa mngezitupa. Hapa angalau amesimama."

Akanivuta kifuani. Tukalia, yeye kwa sauti, mimi kwa kwikwi, na Bi Miwani kwa miwani yake, akiivaa, akiivua, akiivaa tena. Mtundikaji alijifanya anapima ukuta ambao ulishapimwa.

"Nguo nimekusamehe," mama akasema. "Sikia vizuri. Nimekusamehe, na siku ya ufunguzi nakuja, na nitavaa vizuri."

Mungu ni shahidi, sijawahi kuwa mwepesi kama nilivyokuwa dakika ile. Laiti ningemshika mkono nikamtoa nje hapo hapo!

Lakini mama alipanguza macho, akarudi kuitazama picha, kama mtu anayeaga. Akajinyoosha kuangalia juu, katikati ya mabega. Pale niliweka kitambaa cha maua ya manjano, ndicho kinachong'aa hata kwenye bango. Kabla ya hapo machozi yalikuwa yamemzuia kukiona.

"Hiki cha maua," akasema.

"Kizuri, eh? Kila mtu anakisifia."

"Hiki hakikuwa sandukuni."

"Kilikuwemo labda, mama. Zilikuwa nguo nyingi."

"Hakikuwemo." Sauti yake ilikuwa imekwenda chini. "Hakiwezi kuwemo. Niletee ile ngazi."

Mtundikaji akamtazama Bi Miwani, Bi Miwani akatikisa kichwa kukubali. Mama akapanda vidato viwili, mimi nimemshika kiuno. Akapitisha kidole kwenye mshono wa begani.

"Kuna mteja alinipa pazia nimshonee, likabaki. Kaka yako akaniambia, mama, nitolee shati hapo. Nikamwambia utafanana na dirisha. Akacheka, akang'ang'ania. Nikamshonea. Uzi wa njano ukaniishia begani nikamalizia mwekundu, nikamwambia kesho nikinunua mwingine nitakurekebishia."

Kidole kilisimama. Pale, kwenye mshono, uzi wa njano ulikuwa umekoma na mwekundu umeanza. Mimi niliuona kila siku nilipokuwa nakifanyia kazi, nikaupenda, nikauacha uonekane.

"Asubuhi akalivaa. Akanizungukia chumbani, 'Mama, nimependeza?' Nikamwambia kaa unywe chai kwanza. Akasema narudi sasa hivi." Mama akageuka pale juu ya ngazi, uso wake karibu na wangu. "Alitoka nalo mwilini, mwanangu. Hili shati alitoka nalo mwilini. Umelipata wapi?"

Nilijua nimelipata wapi.

Nilipokuwa natengeneza ile picha niliishiwa vitambaa vya rangi za kung'aa. Nikaenda gereji. Spana alikuwa chini ya gari, viatu tu ndivyo vinaonekana. Nikamwambia nataka matambara. "Yako nyuma, chukua tu," akasema humo humo chini. Nikaenda nyuma. Matambara yalikuwa ya grisi matupu, ila nyuma ya sanduku lake la vifaa palikuwa na mfuko wa nailoni umefungwa vizuri, na ndani yake nguo moja safi, imekunjwa. Nikasema, mume wangu ananijali, ameniwekea. Nikachukua nikaondoka, wala sikumwonyesha. Mara ya pili nimechukua kisicho changu, na mara zote mbili nilikuwa na ruhusa.

"Sema, mama," mama akaniambia taratibu. "Wapi?"

"Gereji," nikasema.

"Gereji ya nani?"

Mama hajui gereji nyingine maishani mwake.

Alishuka kidato kimoja, kisha cha pili. Hakuwa ananitazama tena. Alikuwa anatazama nyuma yangu, mlangoni. Nikageuka.

Spana alikuwa ameingia. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini. Kofia ameivua, ameishika kwa mikono yote miwili, na midomo yake ilikuwa inatetemeka kama ya mtoto aliyekatazwa kulia. Nilitaka aseme kitu cha kuchekesha. Nawaambia ukweli, hata wakati ule nilikuwa bado namngoja mume wangu atanie, yaishe, twende nyumbani.

"Spana," nikamwita. Hakunitazama.

Mama alitembea mpaka akasimama mbele yake. Hakupaza sauti.

"Baba," akamwambia, "sikuulizi umefanya nini. Sikuulizi shati lilifikaje kwako, wala kwa nini ulitembea na binti yangu hospitali kwa hospitali. Nakuuliza moja tu, na unijibu kama mwanangu. Yuko hai?"

Spana alinitazama mimi mara moja, haraka, akarudisha macho chini.

"Mama," akasema, "tafadhali, keti kwanza."

Mtundikaji alileta kiti mbio, akakiweka nyuma yake.

Mama hakuketi.